Sura ya Saba: Kidole na Daftari

Katika jumla ya masuala yaliyowatatiza mahakimu tangu dola zilipoanza kuwa na mahakama na magereza, hakuna lililokuwa jepesi kutamkwa na zito kujibiwa kuliko hili: je, mtu huyu aliyesimamishwa mbele yetu leo ndiye yule yule tuliyemhukumu jana? Wahenga walisema kwamba siku za mwizi ni arobaini, na neno hilo lilikuwa la yakini katika mji mdogo, ambako kila mtu humjua mwenziwe kwa sura, kwa nasaba, kwa mwendo na hata kwa kikohozi chake cha usiku. Walakini katika miji iliyofurika watu katika karne ya 19, kama vile London, Paris na Calcutta, mwizi aliyetimiza arobaini yake katika mtaa mmoja aliweza kuhamia mtaa wa pili, akajiita jina jingine, na akaanza kuzihesabu siku zake upya.

Kwa karne nyingi serikali za Ulaya zilijibu suala hilo kwa chuma cha moto, zikawapiga wahalifu chapa mwilini ili hatia yao isomeke popote waendapo. Ufaransa iliifuta adhabu hiyo mwaka 1832, kwa kuwa zama zilikwisha badilika na watu wameanza kuona haya kuunguza ngozi ya binadamu kwa jina la sheria. Lakini huruma hiyo ilizaa taabu mpya, maana wakati ule ule sheria zilizidi kuwa kali juu ya wenye kurudia makosa, hata mwaka 1885 Ufaransa ikapitisha sheria ya kuwahamisha wahalifu wakongwe na kuwatupa katika makoloni ya mbali. Na mtu hawezi kuadhibiwa kwa kurudia kosa mpaka ithibitike kwanza kwamba ndiye aliyelitenda lile la awali. Chapa imekwisha ondoka mwilini, jina halina dhamana: basi mhalifu atambuliwe kwa lipi?

Aliyejaribu kulijibu suala hili kwa hesabu alikuwa Alphonse Bertillon, karani mdogo wa polisi ya Paris, aliyeingia kazini mwaka 1879 na kupewa kazi ya kunakili sifa za wahalifu katika kadi, kazi ambayo aliiona haina faida hata kidogo, kwa sababu karani aandikapo kwamba fulani ana kimo cha wastani na uso wa kawaida huwa hajaandika kitu. Bertillon alitambua kwamba mifupa ya mtu mzima haibadiliki, akaanza kupima kimo, upana wa mikono iliyonyooshwa, urefu na upana wa kichwa, kidole cha kati cha mkono wa kushoto, unyayo wa kushoto, na viungo vingine, vipimo 11 kwa jumla; na mwaka 1883 akamfichua mhalifu wa kwanza aliyekuja kwa jina la bandia. Mtindo wake ukaenea upesi Ulaya, Amerika na Bara Hindi. Hata hivyo ulikuwa na ila tatu zisizotibika: makarani wawili wakiupima mkono mmoja aghalabu walipata vipimo viwili, kijana ambaye mwili wake bado unakua hakufaa kupimwa, na juu ya yote, hakuna mwizi aliyepata kuusahau urefu wa mkono wake katika nyumba aliyoiibia.

Na palipokosekana kipimo, mahakama ilitegemea jicho. Jinsi jicho linavyoweza kuhini ilidhihirika London katika mashtaka ya Adolf Beck, mtu wa Norwe, ambaye mwaka 1896 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kuwalaghai wanawake na kuwanyang'anya vito vyao. Wanawake wengi walisimama kizimbani, mmoja baada ya mwingine, wakaapa kwamba ndiye. Na polisi wakaamini kwamba ndiye yule yule aliyejiita John Smith, aliyefungwa kwa hila hiyo hiyo mwaka 1877. Taarifa za gereza zilionyesha kwamba Smith alikuwa ametahiriwa, na Beck hakuwa ametahiriwa. Wakubwa walipoarifiwa habari hiyo, waliibadilisha namba yake ya ufungwa na wasimfungulie mlango. Alipotoka gerezani mwaka 1901 alidhani balaa imempita, lakini mwaka 1904 alikamatwa tena, akashuhudiwa tena na wanawake wengine, akatiwa hatiani mara ya pili, na pengine angalikufa kifungoni kama Smith mwenyewe asingalinaswa mwaka huo huo akiweka rehani pete za mwanamke mwingine. Beck alisamehewa kosa ambalo hakulitenda, akalipwa pauni 5,000, na fedheha ile ikawa miongoni mwa sababu zilizoifanya Uingereza iunde mahakama ya rufani za jinai mwaka 1907.

Jawabu la mkasa wa namna hiyo lilikuwa limekwisha zaliwa Bengal, na ajabu ni kwamba halikuzaliwa kituoni kwa polisi wala mahakamani, bali juu ya mkataba wa biashara. Mwaka 1858, mwaka mmoja baada ya uasi mkubwa uliotikisa utawala wa Waingereza katika Bara Hindi, mtumishi wa serikali aitwaye William Herschel, mwana na mjukuu wa wanafalaki mashuhuri, alifanya mapatano huko Jungipoor na mkandarasi Rajyadhar Konai ili amletee vifaa vya kujengea barabara. Herschel alikuwa amechoshwa na watu kuzikana sahihi zao, hivyo akampaka Konai wino kiganjani, akamwamuru akibandike nyuma ya karatasi. Maarifa ya sayansi hayakuwamo katika jambo hilo. Muradi wake, kama alivyokiri mwenyewe baadaye, ulikuwa kumtia Konai hofu asije akathubutu kuukana mkataba. Hivyo alama ya mkono iliingia katika kazi za serikali kwa mlango wa shuku, shuku ya mtawala juu ya ahadi ya mtawaliwa, na msomaji ataona kwamba shuku hiyo haikuachana nayo popote ilipokwenda.

Kwa muda wa miaka mingi Herschel aliendelea kukusanya alama za vidole, vya kwake na vya wenziwe, akabaini kwamba mistari ya ncha za vidole haibadiliki mtu akuapo wala azeekapo. Mwaka 1877, alipokuwa hakimu wa wilaya ya Hooghly, aliamuru zitumike katika mambo matatu: katika malipo ya pensheni, ili jamaa wa wazee waliokwisha fariki wasiendelee kupokea fedha za marehemu, katika usajili wa hati, ili mwenye kuuza shamba asije kesho akasema hakuuza, na katika magereza, ili tajiri aliyehukumiwa asimkodi maskini kumtumikia kifungo. Aliomba mtindo huo uenezwe nje ya wilaya yake, lakini ombi lake halikukubaliwa.

Wakati huo huo, katika hospitali ya Tsukiji mjini Tokyo, tabibu na mmisionari wa Kiskoti, Henry Faulds, alivutiwa na alama za vidole zilizogandamana katika vyungu vya kale, akaanza kuchunguza vidole vya walio hai. Na mwezi wa Oktoba 1880 gazeti la Nature likachapisha barua yake, ambamo alisema kwamba alama zinazoachwa mahali pa tukio zingeweza kumfichua mhalifu. Herschel alijibu katika gazeti hilo hilo kwamba yeye alitangulia, na kutoka hapo ukazuka ugomvi wa nani mwenye haki ya uvumbuzi, ugomvi uliodumu mpaka uzee wao. Aliyeyageuza mambo hayo kuwa elimu alikuwa Francis Galton, ambaye mwaka 1892 alitoa kitabu kizima kuhusu alama za vidole, akazigawa katika aina tatu, yaani tao, kitanzi na mviringo, na akakadiria kwamba uwezekano wa alama ya kidole kimoja kufanana na ya kingine ni mmoja katika bilioni 64.

Mwaka huo huo wa 1892 ndipo kidole kilipotoa ushahidi wa mauaji kwa mara ya kwanza, na mahali pake hapakuwa London wala Paris bali Necochea, mji wa pwani ya Argentina. Francisca Rojas alikutwa na jeraha shingoni, na watoto wake wawili wamekufa kando yake, akamshtaki mwanamume wa jirani aitwaye Velázquez, ambaye polisi walimtesa bila ya kupata ungamo. Katika mji wa La Plata alikuwapo mtumishi wa polisi Juan Vucetich, mzaliwa wa Dalmatia, aliyekuwa amekwisha soma habari za Galton na kuanza kuweka daftari lake la vidole. Inspekta Álvarez, aliyefunzwa naye, aliikagua nyumba na kuona alama ya dole gumba iliyokauka kwa damu mlangoni. Akakikata kipande cha ubao na kuchukua alama za vidole vya mama. Alipoonyeshwa kwamba dole lile ni lake, Rojas alikiri kwamba ndiye aliyewaua wanawe, akafungwa maisha. Yafaa msomaji alitie moyoni jambo moja katika mkasa huu, kwamba alama ile haikumtia mkosa hatiani tu, bali ilimwokoa asiye mkosa, ambaye mateso ya polisi yangaliweza kumlazimisha kusema lolote.

Hata hivyo ushahidi wa Necochea ulikuwa wa kulinganisha kidole kimoja na kingine, wakati mshukiwa yuko karibu na anajulikana. Tatizo kubwa lilikuwa la daftari. Serikali yenye karatasi laki moja za vidole, ikiletewa mtu asiyetaka kutaja jina lake, itaipataje karatasi yake miongoni mwa hizo laki bila ya makarani kuzifungua moja moja kwa miezi? Aliyepewa sifa ya kulifumbua fumbo hili ni Edward Henry, Mkuu wa Polisi wa Bengal. Lakini hesabu iliyolifumbua ilitoka kwa wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, waliokuwa wakifanya kazi Calcutta katika miaka ya 1890.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kwa uzuri wake. Vidole kumi vilipewa namba, tangu dole gumba la mkono wa kuume mpaka kidole cha mwisho cha kushoto, vikapangwa jozi tano. Kila mviringo ulioonekana katika jozi ya kwanza ulihesabiwa 16, katika ya pili 8, katika ya tatu 4, katika ya nne 2, na katika ya tano 1. Kidole chenye tao au kitanzi hakikuhesabiwa kitu. Vidole vya namba shufwa vikajumlishwa peke yake, na vya namba witiri peke yake, kisha kila jumla ikaongezwa moja, hata yakapatikana makundi 32 kwa upande huu na 32 kwa upande wa pili. Thelathini na mbili mara thelathini na mbili ni 1,024, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vishubaka vya kabati: karatasi ya kila mtu ilikuwa na kishubaka chake, na karani aliyeujua mtindo aliweza kukiendea moja kwa moja bila ya kuuliza jina, kabila wala dini. Mwezi wa Juni 1897 serikali ya Bara Hindi iliidhinisha mtindo huo, ukavipokonya kazi vipimo vya Bertillon. Ulipewa jina la Henry, na kwa jina hilo ukaenea duniani. Haque na Bose walipewa vyeo vya heshima miaka mingi baadaye, kama ilivyo kaida ya dola kubwa, ambazo huwalipa mapema wenye kuamrisha na kwa kuchelewa wenye kufikiri.

Henry aliitwa London mwaka 1901, na mwezi wa Julai mwaka huo ikafunguliwa Scotland Yard ofisi ya alama za vidole. Mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa ushahidi huo katika Uingereza alikuwa Harry Jackson, aliyeiba mipira ya biliadi katika nyumba moja na kuacha alama ya dole lake katika rangi mbichi ya dirisha, akapewa mwaka 1902 kifungo cha miaka 7. Lakini mtihani wa kweli ulikuja mwaka 1905 huko Deptford, pale mzee Thomas Farrow na mkewe Ann walipouawa katika duka la rangi walilolisimamia, na kijisanduku cha fedha kikakutwa kitupu, na ndani yake alama ya dole gumba. Waliokamatwa walikuwa ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton. Mashahidi waliowaona watu wawili wakitoka dukani asubuhi ile hawakuweza kuapa kwamba ndio hao. Jicho lilishindwa, na dole la Alfred likanena. Faulds mwenyewe, aliyeitangaza elimu hii mwaka 1880, alikuwa upande wa utetezi, kwa kuwa aliamini kwamba alama ya kidole kimoja haitoshi kumwua mtu. Na jaji pia aliwausia wale raia kumi na wawili waliokula kiapo wasiitegemee alama hiyo peke yake. Walakini wakawatia hatiani, na ndugu wale wakanyongwa mwezi wa Mei.

Hapo ndipo vitabu vingi vinapoimaliza hadithi hii, kwa kuwa yaonekana imefikia ukamilifu wake: mhalifu amepatikana, mahakama imetosheka, na elimu imeshinda. Sisi tulioko upande huu wa Bahari ya Hindi hatuwezi kuimaliza hapo, maana kabati lenye vishubaka 1,024 halikukaa London likiwangoja wezi na wauaji, bali lilisafirishwa katika makoloni, na huko likafunguliwa kwa ajili ya watu ambao hawakuiba wala hawakuua.

Henry alikuwa amepita Johannesburg mwaka 1900 kupanga polisi yake, na mbegu aliyoipanda haikukawia kuota. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilitunga sheria ya kuwataka Wahindi na Wachina wote wajiandikishe na kutoa alama za vidole vyote kumi, jambo lililofanywa kwa wafungwa. Wakili Mohandas Gandhi aliuona udhalili uliokuwamo, kwamba kaumu nzima inahesabiwa katika daftari la jinai kwa sababu ya asili yake. Na upinzani alioupanga huko, wa kuikataa sheria na kuipokea adhabu yake bila ya kupigana, ndio uliozaa mapambano yaliyompa jina duniani. Mwezi wa Agosti 1908 vyeti zaidi ya elfu mbili vilitiwa ndani ya sufuria kubwa mbele ya msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa moto.

Baada ya miaka michache ikawa zamu ya Kenya. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Kuu, na ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa mwaka 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kutoa alama za vidole na kuchukua kipande, hati iliyoandikwa jina lake, kabila lake, mwajiri wake, mshahara wake na tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa, akaitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni kwa uzi. Na watu wakasema kwa uchungu kwamba wamefungwa kengele kama mbuzi. Bila ya sahihi ya mwajiri wa zamani hakupatikana mwajiri mpya. Mtumishi aliyeliacha shamba la mzungu kabla ya muda wake alihesabiwa kuwa ametenda jinai, na ofisi ya Nairobi, yenye alama zake, iliweza kumtafuta popote alipokimbilia hata akibadili jina mara kumi. Elimu iliyomnasa mwuaji wa Deptford ilimnasa sasa kibarua ambaye kosa lake lilikuwa kuuona ujira wake mdogo.

Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsimamisha Harry Thuku, mpiga simu wa Hazina, aliyeunda mwaka 1921 chama cha kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye, tarehe 16, mgomo ukiwa umekwisha anza, umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai afunguliwe ulimiminiwa risasi. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma, akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Thuku akahamishiwa Kismayu, na kipande kikadumu kwa robo karne nyingine. Ilipotungwa mwaka 1947 sheria ya kuwaandikisha watu wa mataifa yote nchini, walowezi wa kizungu walipiga kelele kwamba kuwachukua alama za vidole ni kuwafananisha na wahalifu. Walisema kweli, na kwa kusema hivyo walitoa, pasipo kukusudia, ushahidi juu ya yale waliyokuwa wakiyatenda kwa Waafrika tangu mwaka 1919.

Haifai basi kusema kwamba alama ya kidole ni baraka, wala kwamba ni laana. Kwa dhati yake ni ushahidi ulio bora kuliko jicho, na laiti vidole vya John Smith vingalichukuliwa mwaka 1877, Adolf Beck asingalionja hata siku moja ya kifungo. Lakini hata ubora huo una mpaka, kwa kuwa mistari ya kidole haisomwi ila na binadamu. Baada ya mabomu ya Madrid ya mwezi wa Machi 2004, wataalamu wa FBI walitangaza kwamba alama iliyokutwa katika mfuko wa viripuzi ni ya wakili mmoja wa Oregon, Mmarekani aliyesilimu. Wakamweka kizuizini kwa majuma mawili, ilhali polisi wa Hispania walikwisha waeleza kwamba hawakubaliani nao, mpaka alama hiyo ikathibitika kuwa ya mtu mwingine. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 2. Kosa lilikuwa la wasomaji, waliokwisha iamini shuku yao kabla ya kuitazama alama.

Aidha, kidole hutuarifu ni nani, wala hakituarifu ametenda nini au kwa nini, wala hakijui kama sheria inayomtafuta mwenye kidole hicho ni ya haki au ya dhuluma. Hayo hukumu yake imo mikononi mwa watu wenye kutunga sheria na wenye kushika daftari. Leo tunatoa vidole vyetu kwa ajili ya kitambulisho, kupiga kura, kupata laini ya simu na kuvuka mipaka, na aghalabu twavitoa bila ya kuuliza neno. Tuulize: daftari hili limefunguliwa kwa ajili ya nani, nani ana ruhusa ya kulisoma, na aliyeandikwa humo kwa makosa atafutwa na nani? Nchi ambayo raia wake hawaulizi masuala hayo imekwisha rudi kwenye kipande, hata kama hakuna kikopo cha bati shingoni mwa mtu.